Choo Kinarudisha Maji: Umwite Nani Hapa Dar, na Utamjuaje Mwenye Kibali

Kabla hujapiga ile namba iliyopakwa rangi kwenye ukuta wa mtaani kwenu, kwanza jua nyumba inaumwa nini. Hapa Dar choo kikigoma tu neno la kwanza ni "shimo limejaa, iteni gari", gari linakuja, linanyonya, linalipwa, linaondoka, wiki mbili mbele choo kinagoma tena na lawama zote anabebeshwa mwenye gari, kumbe shida wala haikuwa kwenye shimo, ilikuwa kwenye bomba, au kwenye udongo, au kuna pampasi imekaa kwenye kona inakula raha. Gari la maji taka linajua kazi moja tu, kutoa kilichomo. Halizibui bomba la ndani na halifufui shimo lililochoka. Kwa hiyo tunaanza na dalili, hafu tunakuja kwenye nani wa kumwita, hafu tunakuja kwenye kumkagua huyo uliyemwita maana hapo ndo watu wanaliwa.

Tuwekane sawa kwanza. Nyumba nyingi zilizojengwa miaka ya karibuni huku Mbezi, Goba, Tabata, Kigamboni zina chemba (vile vishimo vidogo vyenye mfuniko bomba linapopita), zina karo lenye vyumba viwili ambalo uchafu mzito unakaa chini na mafuta yanaelea juu, na mwisho kuna shimo la kufyonzea, ambalo maji yaliyochujika yanaingia ardhini. Nyumba za zamani na za uswahilini nyingi zina shimo moja tu linalofanya kazi zote. Kama unakaa Upanga au Kariakoo au katikati ya mji, kuna uwezekano mkubwa jengo lenu limeungwa kwenye mfumo wa maji taka wa DAWASA (mamlaka ya maji ya Dar), hapo habari ya gari haikuhusu, chemba ya barabarani ikifurika unawaripotia wao.

Na hiki kitu ukikishika umeokoa hela: karo zima, lisilo na tatizo lolote, MUDA WOTE limejaa maji mpaka usawa wa bomba la kutokea. Ndivyo lilivyotengenezwa. Maji yanaingia huku, kiasi hichohicho kinatoka kule. Kwa hiyo ukifunua ukakuta maji juu, usikimbilie simu. Kinachohesabika ni tope lililokaa chini na utando mzito ulioelea juu, hivyo viwili vikichukua kama theluthi ya kina cha karo ndo umefika wakati wa kunyonya. Kwa familia ya kawaida ni kila baada ya miaka mitatu mpaka mitano, nyumba ya wapangaji ni mapema zaidi ya hapo.

Choo kimoja tu kinagoma, vingine viko poa

Hii siyo karo. Karo likiwa na shida nyumba nzima inajua. Hapa kuna kitu kimekwama kati ya hicho choo na chemba yake, unahitaji fundi bomba mwenye waya wa kuzibulia au zile fimbo za kuunganisha, biashara ya saa moja. Akija fundi anataka kuvunja vigae kabla hata hajafungua chemba ya nje, mwambie asubiri kwanza, afungue chemba, amwage ndoo ya maji chooni aone yanafika au hayafiki.

Vyote vinagoma, na maji yanaibukia bafuni

Bafuni ndo pa chini kuliko pote ndani ya nyumba kwa hiyo uchafu ukikosa njia unatokea pale. Sasa fuata maji kuanzia nyumbani kwenda nje, usianzie katikati. Fungua chemba ya kwanza iliyo karibu na nyumba. Ikiwa kavu, kizuizi kiko kati ya nyumba na hapo. Ikiwa imefurika nenda ya pili, nenda ya tatu, mpaka ukutane na chemba kavu, ukishaipata basi kizuizi kiko kati ya hiyo kavu na ile iliyofurika nyuma yake, hapo napo ni kazi ya fundi bomba tu.

Chemba zote zikiwa zimefurika mpaka karoni, fungua mfuniko wa karo upande maji yanapoingia. Mara nyingi utakuta utando mgumu wa mafuta ya kupikia na sabuni umeziba mdomo wa ile tii ya kuingilia (kipande cha bomba chenye umbo la T), na hasa kama maji ya jikoni na ya choo yameunganishwa na nyumbani kuna biashara ya chipsi au mama anapika chakula cha kuuza. Hapo gari linahitajika, na fundi pia anahitajika kuangalia kama tii bado ipo, maana nyingi zinang'oka au hazikuwekwa kabisa, fundi aliishia kuchomeka bomba tupu na kupiga plasta.

Unapofunua karo simama pembeni, usiiname kuchungulia, usivute sigara, usiwashe kibiriti kuangaliza, tumia tochi. Humo ndani kuna gesi inayowaka na kuna ile yenye harufu ya yai viza, ambayo ikiwa nyingi inaua pua kwanza, unaacha kuisikia kabisa ukadhani imeisha. Mtu asiingie. Hata kama simu imetumbukia, hata kama fundi anasema yeye kazoea. Habari za mtu kuzama karoni hafu wa pili akamfuata kumwokoa na wa tatu akamfuata wa pili tumezisikia mno nchi hii.

Limenyonywa juzi, leo limejaa tena

Hii ndo kesi yenye ugomvi kuliko zote kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Chukua karo la urefu wa mita 2, upana mita 1.5, kina cha maji mita 1.5. Zidisha, unapata mita za ujazo 4.5, yaani lita 4,500. Nyumba ina watu sita, kila mtu kwa kuoga, kufua, kuflashi na vyombo tuseme anatumia lita 80 kwa siku, hiyo ni karibu lita 500. Gawanya mwenyewe, siku tisa maji yashafika kwenye bomba la kutokea. Kwa hiyo yule mama mwenye nyumba anayepiga simu kwa hasira siku ya kumi kwamba "hamkunyonya, mmenidanganya", inawezekana kabisa hajadanganywa, karo limerudi kwenye hali yake ya kawaida.

Sasa angalia maji yako wapi KULINGANISHA na bomba la kutokea. Yakiwa sawasawa na mdomo wa chini wa bomba, mzima. Yakiwa yamepanda juu yake, bomba limezama, basi maji hayana pa kwenda, shida iko mbele, kwenye shimo la kufyonzea. Yakiwa chini ya bomba na hayapandi hata mkitumia maji, karo limepasuka linavuja, na hilo watu wanalifurahia, "karo letu halijai miaka kumi", kumbe linamwagia kisima cha jirani. Umbali unaoshauriwa kati ya choo na kisima ni angalau mita 30, na kiwanja chenyewe mita 20 kwa 20, hiyo 30 utaitoa wapi, kwa hiyo maji ya kisima cha kiwanjani Dar chemsha tu usibishane.

Kipimo kingine kizuri kuliko vyote ni siku yenyewe ya kunyonya. Karo likishashuka simama uangalie bomba la kutokea. Ukiona maji yanarudi ndani ya karo kutoka upande wa shimo la kufyonzea, yanachuruzika mfululizo, jibu umepata bure, shimo limechoka. Linachoka kwa sababu tope na mafuta vimepita kwenye karo ambalo halikunyonywa muda mrefu vikaziba vinyweleo vya udongo, au ni mfinyanzi tangu mwanzo (milimani huku Kimara na Pugu mnajua), au wapangaji wameongezeka kutoka chumba kimoja kwenda vyumba nane na shimo ni lilelile. Ukinyonya karo tu unanunua wiki moja. Dawa ni kuchimba shimo lingine na kulipumzisha la zamani, na hiyo ni kazi ya ujenzi siyo ya gari.

Kuna na upande wa pili, mnyonyaji kweli kafanya ujanja. Kavuta maji ya juu, ambayo ni mepesi na ya haraka, kaacha tope lote chini. Chukua fito ndefu, izungushie kitambaa cheupe mwishoni, ishushe taratibu mpaka chini hafu itoe, sehemu iliyoshika weusi mzito ndo kimo cha tope. Fanya kabla ya kunyonya, fanya na baada, gari likiwa bado getini. Tope likiwa gumu mwambie arudishe maji kidogo kwa presha kulikoroga hafu avute tena, wanaojua kazi wanafanya bila kuombwa.

Masika ikianza tu tunaanza kuogelea

Machi mpaka Mei, na vuli nayo ikija na nguvu. Maeneo ya bondeni kama Jangwani, Kigogo, Msasani Bonde la Mpunga, sehemu za Mikocheni, maji ya ardhini yanapanda karibu na uso wa ardhi, shimo la kufyonzea linajaa maji ya mvua kutoka chini, litafyonza nini tena. Mwite mnyonyaji mara mia, unanyonya bonde zima. Na kuna hatari ambayo wachache wanaiwaza: karo likiachwa tupu kabisa wakati maji ya ardhini yako juu, maji yanalisukuma kutoka nje, la plastiki linaweza kuinuka na la tofali ukuta unaweza kupasuka. Kama lazima unyonye masika, acha maji kiasi ndani.

Angalia pia maji ya bati yanaelekea wapi. Kuna nyumba gata zote zimeelekezwa kwenye chemba ya choo kwa sababu fundi aliona ndo njia fupi.

Kama huna dharura subiri kiangazi, Juni mpaka Septemba. Masika magari yanapanga foleni na bei inapanda.

Harufu ndani lakini maji yanapita vizuri

Bafu la wageni lisilotumika, ule mkunjo wa chini wa bomba umekauka maji, gesi inapanda, mwaga ndoo ya maji imeisha. Isipoisha angalia bomba la hewa, kama limefika juu ya paa, kama lina wavu, kama ndege hajajenga. Hakuna gari hapo.

Ardhi juu ya karo au shimo inabonyea au ina nyufa

Ondoa watoto hapo, weka uzio hata wa kamba, na usiite gari mpaka mtu wa ujenzi aone. Mashimo ya zamani huku kwetu yamezungushiwa mapipa ya chuma au matairi au hayajazungushiwa chochote, ukivuta uchafu wote kwa mkupuo kuta zinakosa kitu cha kuziegemea zinaporomoka, na gari lenyewe lenye tani kadhaa limesimama hapo pembeni.

Sasa umwite nani

Umeshaona kwamba "mkandarasi wa choo" siyo mtu mmoja. Kizuizi kwenye mabomba ni fundi bomba, ukipata aliyepita chuo cha ufundi cha VETA vizuri zaidi, ila muhimu awe na kazi jirani unayoweza kwenda kuiangalia. Tope limejaa ni mwenye gari. Shimo jipya, karo jipya, mfumo wa nyumba ya ghorofa au apatimenti, hapo ni mkandarasi aliyesajiliwa na CRB, ile Bodi ya Usajili wa Makandarasi, madaraja yao ya majengo yanaanzia la kwanza mpaka la saba na la saba ndo dogo. Jina la kampuni unalitafuta kwenye orodha yao mtandaoni, siyo kwenye kadi ya biashara aliyokupa, kadi kila mtu anachapisha.

Mwenye gari muulize vitu hivi, na muulize kwa simu kabla hajawasha injini. Leseni ya biashara ya halmashauri gani (Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni), ina jina lilelile lililoandikwa kwenye gari? TIN (namba ya mlipakodi) anayo, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) anatoa? Hafu swali ambalo kwangu mimi lina uzito kuliko yote hayo: MZIGO UNAENDA KUMWAGA WAPI?

Mtu halali anajibu bila kufikiri, anakutajia bwawa la majitaka la DAWASA, Vingunguti au jingine lililo njiani kwake, anajua foleni yake, anajua analipia kumwaga, na karatasi ya malipo ya pale anaweza kukuonyesha. Asiye halali anaanza "bosi we usijali, tunapo pa kumwaga". Hapo "tunapo" ni mtaro, ni mto Msimbazi, ni shamba la mtu huko pembeni ya mji. Leseni inaweza kuwa ya kuazima, gari linaweza kupakwa maandishi leo, lakini risiti ya bwawani yenye tarehe ya siku hiyohiyo ni ngumu kuigiza. Mie ningemkatia sehemu ya hela mpaka arudi nayo, tena tukubaliane hivyo mapema asije akaona namnyima haki yake.

DAWASA wenyewe nao wana huduma ya magari, kwa hiyo kama hujui pa kuanzia anza na ofisi yao ya eneo lenu, au nenda kwa afisa afya wa kata, huyo anawajua wanaofanya kazi mtaani kwenu wazuri na wabaya.

Dalili za mtu wa kukimbia

Anakupa bei hapohapo kwenye simu bila kuuliza chochote. Anayejua kazi atakuuliza karo liko mita ngapi kutoka gari litakaposimama, lina kina gani (pampu inavuta kwa nguvu ya hewa, shimo likizidi kama mita sita au saba kwenda chini inaanza kushindwa), mara ya mwisho limenyonywa lini, kuna mfuniko au tunavunja zege. Maswali mengi ni dalili nzuri, usichoke kujibu.

Anataka utume hela ya mafuta kwanza kwa simu. Huyo mara nyingi ni dalali, ile namba ya ukutani ni ya dalali, hana gari, anatafuta mwenye gari baada ya wewe kulipa, akikosa simu haipokelewi.

Anasema ana gari la lita 10,000 na limekuja likiwa nusu. Wakifika, kabla mpira haujashuka, angalia kipimo cha nyuma ya tanki. Kuna wanaokuja na mzigo wa nyumba nyingine, wanavuta lita 3,000 zako, tanki linajaa, "bosi tripu moja imeisha, tunarudi ya pili", na we unalipia tripu mbili za karo la lita 4,500. Ndo maana nimekwambia upime karo lako mwenyewe.

Anataka kuja usiku, au anasubiri mvua inyeshe. Hilo halihitaji maelezo. Hafu kuna jirani wa kutapisha, anayetoboa shimo lake mvua ikichanganya uchafu ushuke na maji mtaani, tunacheka nae msimu wote hafu kipindupindu kikiingia kama kile cha 2015 tunashangaa kimetokea wapi. Hilo ni kosa kisheria na anajua.

Anakuuzia unga au vidonge kwamba ukiweka hunyonyi tena maisha. Bakteria wa kutosha wanakuja wenyewe na kila mtu anayeingia chooni, kinachowaua ni dawa za kuchubua sakafu na jiki mnayomwaga kila asubuhi. Mchanga, plastiki na pedi hakuna unga unaozimeng'enya. Chumvi na mafuta ya taa nayo yaacheni.

Gari haliingii kwetu

Tandale, Manzese, Keko, uchochoro hata bodaboda inapita kwa kujibana. Kuna vikundi vinavyotumia pampu ya mkono inayoitwa Gulper na bajaji yenye tanki dogo, inachukua muda lakini uchafu unaondoka mtaani kweli. Vitafute kupitia ofisi ya serikali ya mtaa, swali ni lilelile, mnamwaga wapi. Wakikwambia lazima kwanza waopoe takataka ndani ya shimo na hiyo ina bei yake, hawakuibii, chupa na matambara yanaziba pampu, ila mkubaliane kabla. Usikubali kijana avue shati aingie shimoni na ndoo kwa vile kasema bei nusu. Na kufukia uchafu kwenye shimo jingine pembeni uani siyo kunyonya, hata wakiuita hivyo.

Kazi ikiisha andika namba ya gari, tarehe na lita, piga picha mdomo wa bomba la kutokea na maji yakiwa chini yake. Ukiwakuta au ukisikia wamemwaga mtaroni peleka hiyo namba ya gari kwa afisa afya wa kata siku hiyohiyo, kesho mvua ikishapita hakuna ushahidi wa kuonyesha.